Ufunguo wa Kabati la Vitabu

Wahenga walituachia neno hili: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulilishika sana neno hilo siku tulipokabidhiwa vitabu vya shule ya msingi ya parokia yetu hapa Kalemie. Tulilishika hata kupita kiasi. Leo twataka kuwasimulia jinsi lilivyotupotosha, na jinsi mtoto wa kalasi ya nne alivyoturudisha njiani.

Sisi ni katekista. Tulikaa seminarini miaka kadhaa, kisha tukaona kwamba wito wetu ni mwingine, tukarudi nyumbani, tukaoa, tukapewa kazi ya kufundisha dini shuleni na kutunza chumba cha vitabu. Chumba chenyewe si kikubwa. Zamani kilikuwa ghala la majembe na mifuko ya saruji. Kina dirisha moja linalotazama ziwa, meza mbili, mabenchi manne, na kabati moja la mbao lenye kufuli. Vitabu ni karibu 240. Vingine ni vya Kifaransa, vilitoka Lubumbashi. Vingine ni vya Kiswahili, vilivuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma. Vingine ni vya kale vya misioni, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai.

Kila Ijumaa tuliwaingiza watoto, kalasi moja moja. Tulifungua kabati, tukachagua kitabu sisi wenyewe, tukasoma sentensi, nao wakaitikia kwa sauti moja. Kengele ilipolia tulivipokea vitabu, tukavihesabu, tukafunga, tukatia ufunguo mfukoni. Mwisho wa mwaka wa kwanza daftari letu lilikuwa safi: hakuna kitabu kilichopotea, hakuna ukurasa uliochanika. Mkuu wa shule akatushukuru mbele ya walimu wote. Siku ile tulitembea barabarani kama mtu aliyevaa suti mpya. Hatukujiuliza hata kidogo: vitabu hivi visivyopotea, ni nani aliyevisoma?

Lilikuwako jambo moja lililopaswa kutushtua. Mtoto wa kalasi ya pili alikuwa akisoma vizuri sana hadithi ya sungura na kisima. Tukageuza ukurasa kwa ghafula. Yeye akaendelea vilevile, bila kukosa neno, na maneno ya ukurasa uliopita. Kumbe hakuwa akisoma. Alikuwa akiimba aliyoyasikia. Wenzake walicheka, nasi tukacheka, tukafikiri kosa ni la mtoto. Hatukuona kwamba yalikuwa mavuno ya mbegu yetu wenyewe.

Basi, ikafika mvua ya mwisho wa mwaka 2022. Watu wa Kalemie wajua kwamba mvua zikinyesha na maji ya kunywa yakichafuka, kolera hubisha hodi katika mitaa ya kando ya ziwa. Mwaka ule ilibisha. Jumamosi moja tulipanda baiskeli, tukaenda kwenye kituo cha sala upande wa barabara ya Nyunzu, tukalala huko. Tuliporudi Jumapili jioni, nyumbani walituambia: “Kuna binti mmoja wa shule amekuja jana saa nane. Akarudi saa kumi. Akarudi tena giza likiingia. Anataka ufunguo wa kabati.”

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwetu, safari nzima.

Jumatatu binti yule hakuonekana shuleni, wala Jumanne. Alikuja Jumatano. Mama yake ni muuzaji wa ndagala sokoni, mwanamke mwenye bidii sana. Tukamwita kando.

“Mwanangu, Jumamosi ulitaka nini?”

“Mwalimu, nilitaka kile kitabu chenye picha ya mama anayemnywesha mtoto kwa kikombe.”

Tulikijua kitabu hicho. Ni kitabu cha afya, kimoja cha vile vilivyotoka ng’ambo ya ziwa. Tulikuwa tumekiinua juu mara moja mbele ya kalasi, watoto wakakiona kwa mbali, kisha tukakirudisha kabatini.

Akaeleza. Mdogo wake alikuwa ameshikwa na kolera. Majirani walimwambia mama asimpe maji, kwa sababu maji yanaongeza kuhara. Mama, kwa kumpenda mwanawe, akamnyima maji. Binti akakumbuka ile picha. Akamwambia mama, “Mama, kitabu cha shule kinasema mtoto apewe maji.” Mama akamjibu, “Kitabu gani? Kilete nikione.”

Wasomaji wapenzi, neno lile lilitukosesha usingizi. Kilete nikione. Mama hakukataa. Alikuwa tayari kusadiki. Alitaka tu kuona, na kilichomzuia kuona ni kipande cha chuma kilichokuwa mfukoni mwa katekista.

Usiku ule jirani mwenye pikipiki alimchukua mtoto hadi mahali pa kutibu wagonjwa wa kolera. Wauguzi walimtia maji mshipani. Alikaa huko siku nne, akarudi nyumbani amekonda, lakini mzima. Mungu alimhurumia. Hatusemi kwamba kitabu kingemponya. Waliomponya ni wauguzi. Lakini kolera haihesabu siku, yahesabu saa. Kwa saa nyingi mtoto yule alikauka, na kitabu kilichosema mnywesheni kilikuwa kimefungiwa salama, safi, bila doa. Tukamkumbuka yule mtumwa wa Injili aliyeizika talanta yake ardhini. Yeye naye alileta hesabu iliyokamilika.

Juma lililofuata tuliitoa kufuli mchana kutwa. Tukawakusanya watoto wa kalasi ya nne, tukawagawa makundi, tukachukua kitabu kilekile cha afya. Tukawaonyesha kwamba mwanzoni mwa kitabu kuna ukurasa wa yaliyomo, unaotaja sura kwa jinsi zinavyofuatana. Mwishoni kuna faharasa, yaani orodha ya maneno yaliyopangwa kwa alfabeti, kila neno na nambari ya ukurasa wake. Kisha tukasema, kwa sauti ya mtu anayejua jibu: “Haya, tafuteni kolera.”

Wakaenda kwenye herufi K. Wakashuka kwa kidole, polepole, midomo ikitikisika. Kundi la kwanza likainua mkono: “Mwalimu, haimo.” La pili: “Haimo.” La tatu vilevile. Tukachukua kitabu wenyewe, tukatazama. Ni kweli, haikuwamo. Tukasimama pale mbele ya watoto, hatuna la kusema.

Ndipo binti yule wa muuza ndagala aliposema kwa sauti ndogo: “Mwalimu, labda watu wa Kigoma wanaiita kwa jina lingine. Mama anasema ndagala zetu wao wanaziita dagaa.”

“Basi tutafute kwa jina gani?”

Akafikiri. “Tutafute kuhara. Kolera inaharisha.”

Akatafuta kuhara. Ilikuwamo. Na kando yake palikuwa na maneno machache: tazama pia kipindupindu. Wakarudi nyuma kidogo katika herufi ileile ya K, wakafika kwenye kipindupindu, wakafungua ukurasa. Pale palikuwa na picha ya mama na kikombe. Kalasi nzima ikapiga makofi.

Na ninyi wasomaji, kwa kuwa tumefika kwenye ukurasa huo, yawekeni moyoni maneno yake. Anayehara sana apewe kinywaji tangu mwanzo, kidogo kidogo, bila kuchoka, hata akitapika. Kama mna pakiti ya chumvichumvi ya hospitali, itumieni kama ilivyoandikwa. Kama hamna, chukueni lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo 6 vya usawa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo, korogeni. Mtoto anyonyaye asikatazwe ziwa la mama. Na huku mkimnywesha, mpelekeni upesi kwa wauguzi.

Siku ile tulijifunza kwamba kumfundisha mtoto kusoma herufi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfundisha kutafuta. Na ugumu wa kutafuta ni huu, kwamba aliyeandika kitabu hakuishi mtaani kwetu. Kiswahili ni kimoja, lakini kina nyumba nyingi. Sisi twasema ndagala, wenzetu wa Tanzania wasema dagaa. Sisi twasema mikebuka, wao migebuka. Sisi twasema kalasi, wao darasa. Mtoto asiyejua hayo akikosa neno moja katika faharasa hufunga kitabu na kusema: kitabu hakina kitu. Kumbe kitu kimo, bali kimevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo tuliwapa watoto maswali matatu, nao huyasema kila wanapoanza kutafuta. La kwanza: kitu hiki kwetu chaitwaje? La pili: aliyeandika kitabu hukiitaje? La tatu: kimo ndani ya kitu gani kilicho kikubwa zaidi? Ukikosa mikebuka, tafuta samaki. Ukikosa samaki, tafuta ziwa. Mlango mmoja ukifungwa, bisha wa pili.

Baada ya hapo tulianza kufundisha kwa utaratibu, na hapa twawaandikia hasa walimu wenzetu.

Alfabeti tuliifundisha uwanjani, si ubaoni. Tuliwapanga watoto mstari mmoja kwa majina yao. Wenye K na wenye M walikuwa wengi mno; wasomaji wa kwetu mtaelewa, maana Kabwe, Kalenga, Kasongo, Mutombo, Mukalay na Mwamba hawana idadi. Wakaanza kusukumana. Hapo wakaona wenyewe kwamba herufi ya kwanza haitoshi: lazima kutazama ya pili, na ya tatu. Kabwe na Kalenga na Kasongo wakapangana kwa b, l na s. Somo ambalo tungelieleza kwa saa moja ubaoni, walilishika kwa dakika kumi kwa kukanyagana miguu.

Kisha kamusi. Tuna nakala moja ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Mtoto akikuta neno “walikimbia”, akaenda kutafuta kwenye W, atakesha. Yampasa kuivua nguo ya mbele: kuondoa wa, kuondoa li, abaki na kimbia, aende K. Akikuta “vyombo”, atafute chombo. Katika Kifaransa ni kinyume: nguo iko mara nyingi nyuma ya neno, na mbele husimama neno dogo lililo peke yake, ambalo halihesabiwi katika kutafuta. Watoto wetu huanza shule kwa Kiswahili, na katika kalasi za juu masomo hugeukia Kifaransa. Kwa hiyo wahitaji njia zote mbili. Wengi huzichanganya. Tusiwapige kwa hilo. Hata sisi tulizichanganya seminarini.

Kisha kupanga vitabu. Mmarekani mmoja aitwaye Melvil Dewey alitoa mwaka 1876 utaratibu wa kugawa elimu yote katika makundi kumi kwa nambari, nao watumika hata leo katika maktaba nyingi duniani. Dini ni 200, sayansi za maumbile 500, tiba, kilimo na kazi za mikono 600, historia na jiografia 900. Kwa vitabu 240 hatukuhitaji nambari ndefu. Lakini tulitaka watoto waone maana ya kugawa, basi tukachukua mfano wa samaki. Samaki akiogelea ziwani, na mtu ataka kujua jinsi anavyopumua, kitabu chake kiko 597. Samaki akiwa wavuni, kitabu cha uvuvi kiko 639. Samaki akiwa sufuriani, kitabu cha mapishi kiko 641. Samaki ni yuleyule; swali ndilo lililobadilika. Watoto wa wavuvi walicheka sana, na hawajasahau.

Mwishowe, kuazima. Hapa ndipo tulipoogopa zaidi. Tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure, watoto waliongezeka sana, na katika kalasi zetu kadhaa wako zaidi ya 60. Tutawezaje kuwaachia vitabu? Tulianza na kalasi ya nne peke yake. Kila mtoto alishona mfuko wa kitambaa. Kila kitabu kilitoka kwa siku saba. Na daftari letu la zamani tukaliandika upya: jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Hapo tukauelewa ule msemo wa wahenga. Daftari halikuwekwa ili mali isitembee. Liliwekwa ili tujue imetembea mpaka wapi.

Je, vitabu havikupotea? Vilipotea. Mwaka wa kwanza vilipotea vitano, na hesabu yetu haijawa safi tena. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba nyingi za kandokando, mvulana mmoja alituletea kitabu kimevimba kama mkate uliolowa. Alikuwa akilia. Familia yake ilikuwa imehamia kwa shangazi, na katika vitu walivyookoa, kitabu kilikuwamo. Tukakianika dirishani juani. Kurasa zake hata leo zimejikunja, lakini husomeka, na watoto hukipenda kuliko vyote. Adhabu ya mvulana ilikuwa kuwasomea wadogo wa kalasi ya kwanza hadithi moja kila Ijumaa. Aliimaliza, akaomba aongezewe.

Wazee wengine wametuuliza: faida yake ni nini? Mtoto wa mvuvi atafanya nini na faharasa? Twawajibu kwa kumtaja mtu wa nchi hii hii. Stefano Kaoze alizaliwa katika nchi ya Marungu, akasoma katika seminari ndogo ya Mpala, hapa kusini kwetu penye ziwa. Watu wengi wajua kwamba mwaka 1917 alipewa upadri, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi. Wachache wajua kwamba kabla ya hapo, mwaka 1910 na 1911, maandiko yake juu ya fikra za watu wake yalipigwa chapa Ulaya kwa Kifaransa. Kijana aliyeletewa vitabu vya watu wengine hakuishia kuvisoma tu. Aliweka mambo ya kwao kitabuni, kwa mkono wake mwenyewe, ili wengine wayatafute na kuyakuta. Msomaji akilelewa vema, huja siku akaandika.

Nasi tumeanza kuona mwanzo mdogo wa jambo hilo. Juu ya meza yetu kuna sanduku la kadi. Watoto wenyewe huziandika. Kila anayetafuta neno la kwetu akalikosa kitabuni, kisha akalikuta kwa jina lingine, huandika kadi ya kumwongoza atakayekuja nyuma yake. Ndagala: tazama dagaa. Mikebuka: tazama migebuka. Kadi ya kwanza kabisa iliandikwa na binti yule. Kolera: tazama kipindupindu, tazama kuhara.

Wazazi wapenzi, twawaomba mambo matatu madogo. Mtoto akileta kitabu nyumbani, mpeni dakika chache za mwanga kabla taa haijazimwa. Msimtume dukani kila anapokifungua. Na hata kama ninyi wenyewe hamkusoma shule, mwambieni kama alivyosema yule mama: kilete nikione. Neno hilo linatosha kumfanya mtoto asome mara mbili. Mama yule alikuja chumbani kwetu baadaye, siku ya soko, beseni tupu kichwani. Akaomba kuonyeshwa ule ukurasa. Binti yake akaufungua bila kutuuliza sisi, akamsomea. Mama akatazama picha kwa kitambo kirefu, akatikisa kichwa, akasema, “Kumbe ulikuwa hapa.”

Na walimu wenzetu wenye makabati: ufunguo wa kwetu umetundikwa ukutani, karibu na mlango, mahali mtoto wa kalasi ya nne anapofikia kwa mkono. Tukisafiri, unabaki pale pale.